Mbona Jangwa Limetoka Bapa?

Swali hili huulizwa na watu waliotumia pesa nyingi. Mtu amepanda ndege mpaka Muscat, akakodi gari, akaenda Nizwa kuiona ngome, akaendelea hadi mchanga wa Sharqiyah. Amerudi Tanga au Mombasa na picha mia kadhaa kwenye simu. Anamwonyesha dada yake. Dada anatazama mbili tatu, anasema "pazuri," kisha anauliza chakula cha huko kikoje. Mwenye picha anajua kuna kitu kimepotea njiani. Ngome aliyoitazama mpaka shingo ikamuuma imekuwa kitu kidogo cha rangi ya udongo. Tuta la mchanga lililomtoa jasho kulipanda limekuwa doa la manjano iliyofifia.

Shauri analopewa kwanza ni anunue kamera nzuri zaidi. Sikubaliani nalo. Simu ya kawaida inatosha kwa karibu kila jambo lililomo katika sura hii, na kamera ya bei ya pikipiki mpya itatoa ubapa uleule ikifunguliwa saa sita mchana wa Juni mbele ya ukuta uleule.

Rangi moja tu

Sisi wa pwani tumejifunza kupiga picha mahali penye rangi. Ukisimama Forodhani, Unguja, bahari ni ya buluu, tanga ni jeupe, mnazi ni wa kijani, kanga ina rangi zake. Hata ukipiga ovyo, rangi zinakusaidia: kila kitu kinajitenga na jirani yake, na jicho linajua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Sasa nenda Bahla, bara la Oman, chini ya milima ya Hajar. Ngome yake imeinuliwa juu ya msingi wa mawe kwa matofali mabichi, yaani udongo uliofinyangwa na kukaushwa juani bila kuchomwa tanuuni. Udongo huo ni wa palepale. Ukuta una rangi ya kilima, kilima kina rangi ya barabara, na mnara wa mbele una rangi ya mnara wa nyuma. Kwenye mchanga hali ni kali zaidi, maana huko hakuna hata mlango wala dirisha la kushika jicho.

Ukiwa pale mwenyewe hupati shida. Una macho mawili yanayopima umbali, unatembea, unageuza kichwa, na kila hatua inakuonyesha kipi kimesogea na kipi kimebaki. Kamera ina jicho moja na imesimama. Haina njia ya kujua kwamba mnara uko mita 50 mbele ya ukuta, isipokuwa kimoja kina mwanga na kingine kina kivuli.

Ndiyo maana naziweka ngome na jangwa katika sura moja, ingawa vitabu vya safari huvitenganisha. Kwa mpiga picha ni kazi ileile: kitu cha rangi moja, na kivuli ndicho chombo pekee cha kukichonga. Tangu sasa, ukifika mahali kama hapo, acha kwanza kutafuta ukuta mzuri. Tafuta kivuli kizuri, kisha uone ukuta gani umekitoa.

Jua liko wapi?

Kipimo cha kwanza unacho mkononi. Nyosha mkono mbele yako, kunja ngumi, uiweke juu ya upeo wa macho, pale mbingu inapokutana na ardhi. Kimo cha ngumi hiyo ni kama nyuzi 10. Ngumi tatu zikipandana ni nyuzi 30. Jua likiwa utosini ni nyuzi 90. (Pima kando ya jua, usilikodolee macho.)

Jua likiwa nyuzi 10, kivuli kina urefu wa karibu mara sita ya kimo cha kitu chenyewe. Mtu wa wastani anatupa kivuli cha karibu mita 10. Kila kijiwe kilichotokeza ukutani, kila alama ya kidole cha fundi aliyepaka udongo, kila mkunjo mdogo ambao upepo umeuacha mchangani, vyote vinapata kivuli chake na vinaonekana. Likifika nyuzi 45, kivuli kinalingana na kitu. Likizidi 70, kivuli kimejificha miguuni, na ukuta umebaki karatasi.

Hapa niseme neno juu ya vitabu vya kupiga picha tunavyovisoma. Vingi vimeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, na vinakuahidi "saa ya dhahabu," ule mwanga wa chini wenye joto baada ya macheo na kabla ya machweo. London mwezi Desemba, jua huchukua zaidi ya saa moja kupanda kutoka upeo hadi nyuzi 10. Nizwa ni kama dakika 50. Mombasa ni dakika 40 na ushei. Huku kwetu jua hupanda wima na halingoji mtu. Ukifika langoni wakati linachomoza, ndipo unaanza kutafuta maegesho na kufungua mkoba, umeshapoteza nusu ya mwanga. Fika kukiwa bado giza, baada ya kuchagua jana yake mahali utakaposimama.

Oman, hata hivyo, ina zawadi ambayo Dar es Salaam haina. Katikati ya Desemba, jua la adhuhuri mjini Nizwa huishia kwenye nyuzi 44 hivi. Dar es Salaam siku hizohizo hupita 70. Maana yake ni kwamba katika miezi ya baridi, ambayo ndiyo miezi ya wageni, hata mchana wa Nizwa una vivuli vya kutumika. Mwezi Juni ni kinyume: jua hupita karibu kabisa na utosi, na joto lenyewe litakufukuza kabla mwanga haujakukatisha tamaa.

Na kila zawadi ina kodi yake. Desemba jua huchomoza kusini ya mashariki, huzunguka upande wa kusini na kutua kusini ya magharibi, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini haupati jua siku nzima. Nimewaona watu wakiusubiri "upate mwanga" kwa uvumilivu mkubwa. Hautapata mpaka majira yageuke. Kabla ya kusafiri, fungua ramani ya setilaiti, uone uso wa jengo unatazama wapi. Uso wa mashariki ni wa asubuhi, wa magharibi ni wa jioni, wa kusini una jua siku nzima majira ya baridi.

Mnara mkubwa wa Nizwa ni mwalimu mzuri wa somo hili. Ulijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'rubi, yuleyule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Ni wa duara, na upana wake unazidi mita 40. Jua likiwa nyuma ya mgongo wako, duara hilo linatoweka, unapata ukuta ulionyooka. Sogea mpaka jua liwe ubavuni mwako, na mwanga utaanza kuteleza juu ya mnara taratibu kutoka weupe hadi giza. Hapo hata asiyewahi kufika atajua kwamba huu ni mviringo. Waliotufundisha utotoni kwamba jua lazima liwe nyuma ya mpiga picha walikuwa wakifikiria nyuso za watu kwenye sikukuu.

Upande wa giza wa tuta

Matuta ya mchanga yana kanuni ambayo wapiga picha wengi huigundua kwa bahati. Upepo huusukuma mchanga juu ya mteremko mpole, ukifika kileleni unadondoka upande wa pili. Upande huo wa kudondokea hauwezi kuwa mkali kupita kiasi: mchanga mkavu husimama kwa pembe ya nyuzi 32 hadi 34 hivi, ukizidi unaporomoka wenyewe. Kwa hiyo jua likiwa upande wa mteremko mpole, nyuma ya kilele, na likiwa chini ya ngumi tatu, upande mkali wote uko gizani, na kilele kinakuwa mstari mmoja uliochorwa kati ya nuru na giza. Likipita ngumi tatu na kidogo, mwanga unamwagikia upande wa pili na mstari unafutika. Hesabu hiyo haibadiliki ukienda Namibia au jangwa la Chalbi nchini Kenya.

Mchanga wa Sharqiyah, ambao wengi bado wanauita Wahiba, umekaa vizuri sana kwa kazi hii. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 12,500, na migongo yake mikubwa, mingine ya kimo cha mita 100 na zaidi, imelala kutoka kaskazini kwenda kusini. Kila mgongo basi una ubavu wa mashariki na ubavu wa magharibi. Asubuhi mmoja una giza, jioni mwingine. Ukilala kambini kando ya Bidiyah unapata vipindi viwili tofauti kabisa kwenye tuta lilelile, na huna haja ya kuendesha gari kutwa kutafuta "tuta bora."

Jambo moja huwaudhi wengi: nyayo. Mchanga hauna siri, na gari moja likipita limekuandikia mistari miwili katikati ya picha. Panda kwa upande ambao huutaki pichani, na waombe wenzako wafuate mstari wako. Usiku ukiwa na upepo, alfajiri utaukuta mchanga umefutwa.

Kwa kifupi mpaka hapa: mahali pa rangi moja, kivuli ndicho kinachochora. Pima jua kwa ngumi. Liweke ubavuni kwa majengo, nyuma ya kilele kwa matuta. Fahamu uso wa ukuta unatazama wapi kabla hujakata tiketi.

Ukubwa haujionyeshi wenyewe

Kivuli kikishachonga umbo, bado kuna swali: umbo hilo ni kubwa kiasi gani? Mchanga ni mtundu hapa. Mikunjo ya upepo yenye kimo cha vidole viwili inafanana na matuta yenye kimo cha ghorofa 30, na kwenye picha isiyo na kitu cha kulinganisha, hakuna atakayejua ipi ni ipi.

Tatizo hili ni la zamani karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mfaransa Maxime Du Camp alisafiri Misri na Nubia kuanzia mwaka 1849, akiwa na rafiki yake mwandishi Gustave Flaubert, akapiga picha za mahekalu kwa hasi za karatasi. Mwaka 1850 walifika Abu Simbel, wakati mchanga ulikuwa bado umezifunika kwa sehemu kubwa zile sanamu za Ramses zenye kimo cha mita 20 hivi. Katika picha moja utamwona mtu ameketi juu ya taji la sanamu. Ni mdogo sana, na udogo wake ndio unaokufanya ushtuke. Du Camp alimtumia baharia wa Kinubi, Hajji Ismail, kama kipimo katika picha zake nyingi. Kwa kuwa picha za wakati ule zilitaka mtu atulie kabisa, Du Camp aliandika mwenyewe kwamba alimdanganya: bomba la shaba la lenzi ni mzinga, na ukijitikisa utafyatuka.

Picha zile ni za thamani. Udanganyifu ule unabaki udanganyifu, na mtu aliyezipa picha ukubwa wake aligeuzwa rula. Nalitaja hili kwa sababu tabia hiyo haijaisha. Leo mgeni anamtaka mwenye ngamia asimame kileleni dakika 20, kisha anaondoka bila hata kuuliza jina lake.

Karne moja baadaye Mwingereza Wilfred Thesiger, yule ambaye wazee wa Maralal nchini Kenya wanamkumbuka kwa kuwa aliishi kwao miaka mingi, alivuka Robo Tupu, jangwa kubwa la kusini mwa Arabuni, mara mbili kati ya 1946 na 1948. Alikuwa na kamera ya Leica na filamu nyeusi na nyeupe. Picha zake ziko katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford, hasi zipatazo 38,000. Kwake binadamu hakuwekwa pichani ili apimiwe mchanga. Ni wasafiri wenzake, akina Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, wenye majina, wanaovuta ngamia kwa sababu wana safari. Mchanga unajipima wenyewe kando yao. Na kwa kuwa filamu haikuwa na rangi, hakuwa na njia ya kukwepa somo la kivuli.

Kwa hiyo mweke mtu, akiwa na shughuli yake, na awe mdogo kuliko unavyodhani inafaa. Asiwe karibu na lenzi bali karibu na kitu unachotaka kukipima: mlangoni mwa ngome, ukingoni mwa tuta. Msafiri mwenzako anatosha kabisa. Mwenyeji aombwe. Oman jambo hili ni jepesi kwetu kuliko kwa mgeni mwingine yeyote, maana familia nyingi zilizoishi Zanzibar zilihamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na Kiswahili kingali kinazungumzwa majumbani. Toa salamu ya Kiislamu kwanza, ndipo ujaribu "shikamoo" kwa mzee aliyekaa barazani. Ukijibiwa "marahaba, mwanangu, watoka wapi?" basi kamera irudishe mkobani kwa muda. Picha za wanawake zisipigwe bila idhini ya wazi, hata kwa mbali, hata kama "ni mgongo tu."

Kuta zinazolala

Ukiinua simu kuelekea juu ili mnara mzima uingie, kuta zinaanza kuegemeana kileleni. Sababu ni kwamba umeielekeza kamera juu, na sehemu ya juu ya jengo, iliyo mbali zaidi nawe, inapungua upana. Dawa ni kuishika kamera wima kabisa, kisha kurudi nyuma mpaka kilele kiingie. Ardhi nyingi itajitokeza chini, utaikata baadaye. Pakiwa hapana nafasi ya kurudi nyuma, omba kupanda paa la mkabala. Programu za simu nazo zina kitufe cha kunyoosha, lakini kitumie kwa kiasi: ngome nyingi za udongo zilijengwa pana chini na nyembamba juu kwa makusudi, na ukizinyoosha kama jengo la benki umezisingizia.

Kamera inadhani dunia ni ya kijivu

Kila kamera ina kipima mwanga, na kipima hicho kimefundishwa dhana moja: kwamba eneo la kawaida, ukilichanganya lote pamoja, linatoka kijivu cha wastani. Mbele ya mchanga unaong'aa, kamera inaona mwanga umezidi na inaupunguza. Mchanga unatoka wa kijivu, kama majivu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze theluthi mbili ya hatua au hatua moja nzima. Kwenye simu, gusa skrini kisha sukuma kijua kidogo juu. Acha kuongeza pale ambapo mchanga ni mweupe lakini bado unaona chembe zake.

Jua likipanda sana, ingia ndani. Ngome ya Jabreen, iliyojengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan katika miaka ya 1670, ina dari za mbao zilizopakwa maua na maandishi, na yeye mwenyewe amezikwa humo. Ndani shida hugeuka: madirisha yanawaka, dari iko kizani. Gusa skrini kwenye dari na ukubali dirisha kuwa jeupe tupu, au uliache dirisha kabisa nje ya picha. Nachagua la pili karibu kila mara. Programu za kuchanganya picha kadhaa ili kila pembe ionekane huniudhi, maana chumba kile kilijengwa kiwe na kiza cha kupumzisha macho ya mtu aliyetoka juani.

Kuhusu vyombo sina mengi:

- Usibadilishe lenzi nje kukiwa na upepo. Fanya hivyo ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa.
- Puliza mchanga kwa kipulizio cha mpira kabla ya kufuta. Kitambaa juu ya chembe za mchanga ni msasa.
- Beba betri ya akiba, uiweke mfuko wa ndani usiku. Baridi ya jangwani huinyonya.
- Droni inahitaji kibali cha serikali Oman, kama ilivyo Kenya na Tanzania. Usiipakie ukitumaini bahati.
- Usiingie mchangani na gari moja pekee.

Andika ulisimama upande gani

Bahla iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987. Mwaka uliofuata iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa udongo wake ulikuwa ukiliwa haraka kila baada ya mvua, na ilitolewa humo mwaka 2004 baada ya miaka ya matengenezo. Ngome unayoipiga leo, kwa hiyo, ina sura ambayo mgeni wa 1988 hakuiona. Sisi tuna mfano wa karibu zaidi: Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Siku hiyo picha za kawaida za watalii ziligeuka kuwa kumbukumbu za mahali ambapo nguzo na baraza zilisimama.

Lakini picha isiyo na maelezo haimsaidii sana fundi anayetaka kujua ufa ulianzia wapi. Kila jioni, kabla ya kulala, andika mambo manne kwa kila jengo: jina lake, tarehe, saa, na upande wa ukuta ambao ulisimama mbele yake. Piga pia picha moja isiyo na uzuri wowote, ya ukuta ulioutazama uso kwa uso, pembe hadi pembe, na mtu mmoja kando yake. Simu hujiandikia saa na mahali ukiiruhusu. Upande wa ukuta, na jina la aliyesimama kando yake, uandike wewe.